Usukani wa Kuume

Tulipoachana, Zakari alikuwa ameshika ncha ya turubai, na chini ya turubai kulikuwa na mtu anapumua.

Mvua ilikuwa imekoma ghafla juu ya mabati. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika tangu adhuhuri. Ndani ya garagi hapakuwa na sauti nyingine, ila pumzi ile tu, na ilitoka ndani ya gari lile jekundu. Gari lililomuua baba yake.

Akavuta turubai kwa nguvu.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuume, mikono juu ya mapaja, macho mbele, kama abiria anayemngoja dereva.

"Mama Laurentine!"

"Usipige kelele. Mi siko shetani."

Afadhali angekuwa shetani. Katika Lubumbashi nzima hakuna mtu ambaye Zakari alimwogopa kama mama huyu, na wewe uliyelikosa gazeti la juma lililopita, sikia sababu. Miaka kumi na saba iliyopita, Jamali, baba yake Zakari, alinunua gari la michezo kule Ndola: viti viwili, pua ndefu, sauti ya simba. Siku ileile ya kulileta nyumbani, kwenye barabara ya Kasumbalesa, gari lilimgonga Benita, binti pekee wa Mama Laurentine, kisha likaingia kwenye ukuta wa daraja. Benita alikufa. Jamali alikufa. Rafiki yake Rigobert, aliyekuwa naye, alivutwa nje akiwa amezimia.

Watu waliitoa maiti ya Jamali kwenye mlango wa kushoto. Kwetu Kongo anayekaa kushoto ndiye sofere, dereva. Polisi walipofika, sehemu ya mbele ilikuwa imesagika na vijana walikuwa wameshabeba kila kilichobebeka, usukani ukiwemo. Hakuna aliyeuliza swali. Ikatangazwa, ikaaminiwa: Jamali ameua mtoto wa watu.

"Mama, umeingia namna gani?"

"Mulango ilikuwa wazi. Nilikuya kuona kitu yenye iliniulia mutoto. Banasema unaitengeneza juu ya ndoa yako."

"Njo vile, mama."

"Unaitengeneza namna gani? Vile ilikuwa?"

Hapo ndipo penye shida. Zakari ni tolie, mtu wa kunyoosha mabati ya magari, na alitaka gari la baba yake lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Papa Rigobert, atakayekuwa baba mkwe wake, alitaka kitu kingine kabisa: paa likatwe, sakafu yote itupwe, bodi iwekwe juu ya chasi ya jipu, liwe gari la maharusi. Walikuwa wamebishana mwezi mzima.

"Vile ilikuwa," Zakari akajibu.

Mama Laurentine alitikisa kichwa polepole.

"Basi siku moya ntakuwa nauzisha nyanya yangu ku barabara, naona inakuya. Nyekundu. Na sura yake ileile." Akamgeukia. "Ikate, mwana. Ifanye kitu ingine. Ifanye hata pusepuse ya kusukuma, ya kubebea makaa. Nikiiona, nisiijue."

"Iko kitu moya tu ya papa yangu yenye ilibakia."

"Na mimi, nilibakia na nini?"

Mama yule akasimamisha mguu sakafuni ili atoke. Kisigino kikazama kwenye ile lami nyeusi iliyopakwa chini, lami ikabanduka kipande kizima, naye akaangalia chini.

Akapiga ukelele uliowaamsha mbwa wa majirani.

"Iko muntu chini! Zakari, iko muntu chini ya motoka! Ananiangalia!"

Alikimbia bila kuchagua njia. Zakari alibaki peke yake na gari. Aliinama.

Jicho lilikuwa linamtazama.

Jicho la kweli, jeupe, lenye mboni nyeusi, ndani ya sakafu ya gari la baba yake. Alichukua patasi na kuanza kukwangua, mkono ukienda peke yake. Ikatokea pua. Ikatokea nusu ya mdomo uliokuwa unacheka, na meno safi.

Zakari akaangua kicheko.

Kibao cha mgombea! Tolie wa hapa kwetu hanunui bati, analitafuta. Kura zikiisha, nyuso za waheshimiwa zinageuka kuwa milango ya vyoo, vifuniko vya mapipa, sakafu za teksi. Yeye mwenyewe aliwahi kuziba basi kwa tai ya mheshimiwa mmoja, na tai ile ilikuwa mali safi, haikushika kutu hata kidogo. Alicheka peke yake mpaka machozi. Akaendelea kukwangua apate jina la bwana huyu.

Jina lilikuwa limekatwa. Chini ya kidevu kulikuwa na tarakimu tu: 2011.

Kicheko kikafa.

Jamali alikufa mwaka 2008. Gari halikutembea tena. Lilivutwa kwa kamba mpaka kiwanja cha Rigobert huku mtaa wa Annexe, likafunikwa. Sasa nani alikuja kushona sakafu ya gari lililokufa, miaka mitatu baada ya kifo chake? Na kwa nini upande huu wa kuume?

Aling'oa kiraka kwa nyundo. Chini yake palikuwa na matundu ya zamani yenye kingo za kiwandani. Kila mtu anayeshinda chini ya magari anayajua matundu yale. Hapo ndipo pedali zinapopita.

Akahamia kushoto, akalala chali, akamulika kwa simu. Bati lote la mbele lilikuwa limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Lakini kile chuma kinachoshika mhimili wa usukani kilikuwa kimenyooka, kisafi, bila alama ya kipigo. Chuma kilichokuwapo siku ya ajali kingepinda pamoja na wenzake.

Usukani ulikuwa kuume. Baba yake alikufa upande wa kushoto.

Jamali alikuwa abiria.

Nje, honi ikalia mara mbili, honi anayoijua tangu utoto.

Msomaji, Rigobert huyu ndiye aliyemlea Zakari. Ndiye aliyemtia kwenye ufundi, ndiye aliyempa mahali pa kujenga garagi, na sasa anampa binti yake Princesse. Zaidi ya yote, kila mwaka siku ya kifo inapofika, ndiye anayemwendesha mama yake Zakari, Mama Adija, hadi makaburini, afagie kaburi la Benita na kumwomba Mama Laurentine msamaha. Yeye hubaki getini, ndani ya gari, injini inanguruma.

"Fiston!" Rigobert aliingia akifuta miwani. "Haujakata hata leo? Princesse anataka rangi nyeupe. Mi namuambia, mwanangu, motoka haina paa, mvua ikinyesha, bibi harusi atakuwa supu!"

Alikuwa bado anacheka alipoiona ile nusu sura iliyolala juu ya benchi.

Akairudisha miwani usoni.

"Papa," Zakari alisema, "sofere alikuwa nani?"

"Geuza ile sura kwanza. Iangalie chini."

"Ile haisikie. Mi njo nakuuliza."

Rigobert alijiachilia juu ya tairi kuukuu. Aliyekuja akitania alikuwa mwanamume mnene mwenye suti. Aliyekaa pale alikuwa mzee.

"Kata ile sakafu, Zakari. Kata yote, tutupe mbali. Nakuomba vile mutoto wangu."

"Sofere alikuwa nani?"

"Enda Makomeno. Uulize mama yako."

"Mama yangu anajua nini?"

"Uulize, nimesema!"

Pikipiki ilimfikisha Makomeno amelowa matope mpaka masikioni. Mama Adija alikuwa barazani, amechuchumaa mbele ya mbabula yenye makaa mekundu, anasonga bukari. Hakuinua macho.

"Unanuka mafuta. Enda kunawa, tukule."

"Mama, volan ya motoka ya papa ilikuwa upande gani?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Nani amekuambia?"

Hakusema, "Volan gani?" Hakusema, "Una wazimu?" Alisema, "Nani amekuambia?" Zakari akakaa kwenye ngazi.

"Ulijua."

"Papa yako alipiga telefone ku mupaka," alisema mama yake, akiangalia makaa. "Alikuwa anacheka. 'Adija, ile motoka iko na volan ku kuume! Mi sijui kuiendesha. Rigo njo anaendesha, yeye alizoea kule Ndola. Mi naikala ku kushoto kama patron. Pika, tunafika.' Nikapika. Njo neno yake ya mwisho, pika."

"Na ukaacha bantu baseme yeye njo aliua!"

"Papa yako alikuwa amekufa. Wewe ulikuwa unalilia chai." Sasa alimtazama. "Nilienda ku hopitali kumuona Rigobert. Kichwa imefungwa yote. Bantu balikuwa bamemuambia tayari: Jamali njo alikuwa sofere. Akalia. Akasema, 'Shemeji, sema neno moya, naenda gereza. Ao nyamaza, na mutoto wa Jamali hatalala na njaa hata siku moya.' Ulilala na njaa?"

"Hapana."

"Basi."

"Na kibao ya 2011, yenye iliziba sakafu?"

"Ile mwaka Laurentine alisema atarudisha kesi. Rigobert akaogopa batakuya kuangalia motoka. Akatafuta fundi, akaweka volan ingine ku kushoto, akaziba matundu ya kuume."

Zakari alishika kichwa chake. "Mama. Na kaburi? Kila mwaka unafagia, unapiga magoti, unamuombea papa pardon ya kitu yenye hakufanya!"

"Siombaka juu ya papa yako," alisema Mama Adija. "Naomba juu yangu."

Bukari ilianza kuungua. Hakuna aliyeitoa.

"Sikia, mwanangu. Ukirudisha ile volan ku kuume, Laurentine atajua siku ileile. Ataniona vile niko. Princesse atajua papa yake njo nani. Ndoa itakufa. Garagi iko ku kiwanja yake. Fikiri muzuri. Mi sitakukataza, sina tena kinywa ya kukukataza."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Usukani ukibaki kushoto, Zakari ana mama, ana mke, ana kazi, na baba yake anabaki muuaji wa mtoto. Ukirudi kuume, Jamali anakuwa mtu safi, na kila aliye hai anaumia.

Simu ikalia mfukoni. Princesse.

"Zaka, uko wapi? Papa amejifungia mu garagi! Amewasha jenereta. Nagonga, hafungue. Nasikia anakata chuma!"

Mama Adija alisimama na mwiko mkononi.

"Anaikata," alisema. "Anaimaliza yote."

Walipanda pikipiki moja, mama katikati, Zakari nyuma, unga bado kwenye vidole vya mama. Mvua ilikuwa imerudi. "Motari, fungua yote!" Zakari alipiga kelele, na dereva akajibu bila kugeuka, "Kaka, nikifungua yote tunakutana na papa yako!" Hakujua alichosema. Mama Adija alifumba macho.

Kitu kimoja tu kiliendelea kumrudia Zakari njiani. Ikiwa matundu yale yamekatwa, hakuna ushahidi tena duniani. Maneno ya mjane yatamshinda nani? Na ndani yake, aibu ya kusema, kulikuwa na sehemu ndogo iliyoomba wachelewe.

Hawakuchelewa.

Princesse hakuwepo mlangoni. Kwenye nyufa za mbao cheche za mwisho ziliruka, nyekundu na njano, kisha zikakoma. Zakari alipiga teke mara moja na bawaba ikaachia.

Sakafu ilikuwa nzima.

Matundu yalikuwa mahali pake. Kilicholala chini, kimekatwa shingoni, kilikuwa mhimili wa kushoto. Rigobert, koti limelowa, mashine ya kukatia imezimwa miguuni pake, alikuwa ameegemea ndani ya gari kwa mlango wa kuume. Ameshika usukani kwa mikono miwili, anajaribu kuuweka mahali pake pa zamani. Chuma kilikuwa kinagonga chuma, tiki-tiki-tiki, kama meno ya mtu mwenye homa.

"Shika hapa," alisema. "Peke yangu siweze."

"Papa..."

"Miaka yote naendesha mama yako ku makaburi. Nabakia mu motoka, siingiake. Bantu banasema Rigobert iko na heshima, anangojea inje." Aliufuta usukani kwa kiganja. "Nabakia juu ya ule mutoto. Kila mwaka anakuya kusimama mbele ya motoka yangu. Haongee. Halie. Maji inatiririka ku nguo yake, hata kama jua ni kali. Ananiangalia tu mupaka Adija anarudi. Na mwaka hii, fiston, alianza kuniangalia hata mu nyumba. Leo nilipoona ile jicho ku benchi, nikasema basi. Nimeshindwa."

"Princesse atajua."

"Amejua. Nilimuambia kupitia mulango. Kisha nikamutuma amuite Laurentine."

Nyuma yao Mama Adija alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

Hapo Zakari angeweza kusema hapana. Angeweza kuzima jenereta, kufunga garagi, kumpokea Mama Laurentine kwa chai na uongo wa kawaida. Alimtazama mama yake. Mama hakumpa ishara yoyote, si ya ndiyo wala ya hapana.

Akashika usukani. Akausogeza kidole kimoja juu, mahali ambapo chuma chenyewe kiliupokea kama kinaukumbuka. Akavaa barakoa ya kulehemu.

"Sogea, Papa. Utaungua macho."

Mwanga mweupe ulijaza garagi. Alishona nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kivuli cha Rigobert kiliruka ukutani, kikubwa, na pembeni yake palikuwa na vivuli vingine, na Zakari hakutaka kuvihesabu. Alipoinua barakoa, wanawake wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Princesse alikuwa amevimba macho. Mama Laurentine alikuwa amejifunga kitenge kifuani kwa nguvu, kama mtu anayekwenda msibani.

Alikuwa anaangalia usukani.

"Juu ya nini munaiweka huku?"

Zakari alifungua mdomo. Mama Adija alimpita, akasimama mbele ya mama yule.

"Laurentine, yaya yangu, dada yangu mukubwa. Njo mahali yake ilikuwa. Jamali hakuendesha. Rigobert njo aliendesha. Na mimi nilijua tangu kabla ya kumuzika Jamali."

Mvua ilipiga mabati. Mama Laurentine alimwangalia mwenzake kuanzia kichwani mpaka kwenye ule unga wa vidoleni.

"Miaka yote ulikuwa unafagia."

"Njo."

"Na mi nilikuwa nakuambia, Adija, simama, magoti itakuuma."

Mama Adija alijifunika uso. Kila mtu alingoja kofi, au kilio, au mawe. Halikuja lolote. Mama Laurentine aliizunguka ile pua ndefu, akafungua mlango wa kuume kwa heshima, kama anayemfungulia mkubwa.

"Ingia," alimwambia Rigobert.

"Mama Laurentine, nakuomba..."

"Ingia. Ikala vile ulikala."

Rigobert aliingia. Kiti kililia chini ya uzito wake. Aliweka mikono kwenye usukani uliokuwa bado na moto, na hakuitoa.

Mama Laurentine akaenda kusimama mbele ya gari, karibu kabisa, kitenge kinagusa chuma.

"Miaka yote nilikuwa nauliza: mutoto wangu alifanya nini mu barabara? Hakuna wa kunijibu, sofere alikufa. Kumbe sofere iko anakula, anaota kitambi. Bon. Sasa mi njo Benita. Wewe unakuya. Uniambie uliona nini."

Princesse alimshika Zakari mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama maji ya kisima.

Rigobert alifumba macho. Alipoyafumbua hakumtazama Mama Laurentine. Alitazama pembeni yake, chini kidogo, usawa wa kimo cha mtoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Alikuwa ku kando ya barabara," alisema. "Hakukuwa peke yake. Kulikuwa mwanamuke amemushika mukono. Nikapiga honi. Huyu mwanamuke akaniona, mi nikamuona." Aliukaza usukani kwa mikono miwili. "Akaachilia mukono ya mutoto, akamusukuma."

"Mwanamke gani?" Zakari alifoka. "Papa, mwanamke gani?"

Rigobert akayainua macho kutoka kwa mtoto asiyekuwepo mpaka kwa mama aliyesimama mbele yake. Na Mama Laurentine, ambaye sekunde moja iliyopita kitenge chake kiligusa gari, alikuwa ameanza kutembea kinyumenyume kuelekea mlangoni.